Mikono ya Abiria wa Bodaboda: Ishike Wapi Safari Ikianza

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma ya bodaboda anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza kwa nini mikono ya abiria ni sehemu ya usalama wa safari;
(b) kuchagua mahali pa kushika kabla pikipiki haijaondoka;
(c) kutambua hali ambayo mikono yake haiwezi kuwa huru, na hivyo kuchagua usafiri mwingine;
(d) kudai anachostahili kwa dereva kwa lugha ya heshima na bila kusita.

Utangulizi

Ndugu mtumiaji wa huduma, abiria anayefika kijiweni kutafuta bodaboda huzungumza na dereva mambo mawili: anakwenda wapi na nauli ni kiasi gani. Jambo la tatu halitajwi kabisa, nalo ndilo tunalolijadili hapa. Pikipiki itakapoondoka, mikono ya abiria itakuwa imeshika nini?

Aliyeketi ndani ya basi ana kiti chenye mgongo, na mbele yake kuna kiti kingine. Aliyepanda bajaji ana bodi inayomzunguka na bomba la kushika. Abiria wa pikipiki hana ukuta, mlango wala mkanda. Dereva ameshika usukani, kwa hiyo yeye ana mahali pa kujizuia breki zinapofungwa. Abiria hana mahali kama hapo isipokuwa amepachagua mwenyewe. Asipopachagua, dharura itamkuta na mikono mitupu, nayo haitoi nafasi ya kutafuta.

Tunalisema hili tukiwafikiria zaidi wakazi wa Mbeya na Iringa, na tuna sababu mbili. Kwanza, miji hii imejengwa juu ya milima na mabonde. Anayetoka Ipogolo kwenda katikati ya mji wa Iringa hupanda mlima, na anayerudi huushuka. Mbeya nako, anayetoka Iwambi kuelekea Mbalizi hukutana na mteremko unaojulikana na kila dereva wa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, akiwa pamoja na malori ya mizigo yanayokwenda Tunduma. Pili, hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini huivuta mikono isiwe mahali pake. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huipeleka mifukoni. Masika yakiwadia, mkono mmoja huchukuliwa na mwavuli.

Nguvu tatu zinazomsukuma abiria

Ili kuelewa mahali pa kushika, ni vema tuelewe kwanza mwili wa abiria unasukumwa kuelekea wapi.

Nguvu ya kwanza humsukuma mbele, nayo hutokea dereva anapofunga breki. Tuchukue abiria mwenye uzito wa kilo 70 aliye juu ya pikipiki yenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki hupita takriban mita 11 katika kila sekunde moja. Mbuzi akikatiza barabara na dereva akasimamisha pikipiki ndani ya sekunde mbili, mwili wa abiria utasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Huo ni uzito wa madebe mawili ya mahindi. Abiria asiyeshika chochote huutua mzigo huo wote mgongoni mwa dereva, wakati uleule ambao dereva anahitaji mikono yake miwili ili kuidhibiti pikipiki.

Nguvu ya pili humvuta nyuma. Hutokea pikipiki inapoondoka kwa ghafla au inapopanda mlima. Katika mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, abiria huyo wa kilo 70 huvutwa nyuma kwa nguvu ya takriban kilo 7 hata kabla dereva hajaongeza mafuta. Akiongeza mafuta, nguvu hiyo nayo huongezeka. Ndiyo sababu abiria anaweza kuanguka kwa nyuma pikipiki ikiwa katika mwendo mdogo kabisa, hapohapo kijiweni alipopandia.

Nguvu ya tatu humrusha juu au pembeni. Hutokea kwenye matuta, mashimo, kona na tope la barabara za mitaani. Nguvu hii haina upande mmoja, nayo huja bila taarifa kwa sababu abiria ameketi nyuma ya dereva na haoni barabara iliyo mbele.

Kwa hiyo mshiko ulio mzuri ni ule unaoweza kuzikabili nguvu zote tatu. Mshiko unaozuia moja na kuziacha mbili ni nusu ya kinga.

Mahali panapofaa

Mshiko tunaoupendekeza ni wa mkono mmoja nyuma na mmoja mbele. Mkono mmoja ushike kishikio kilicho nyuma ya siti, au bomba la keria iliyofungwa imara. Mkono wa pili ushike kiuno cha dereva kwa upande, au mkanda wake wa suruali. Mkono wa nyuma utakuzuia usimlalie dereva breki zinapofungwa. Mkono wa mbele utakuzuia usibaki nyuma pikipiki inapoondoka au inapopanda mlima. Vyote viwili kwa pamoja hukushikilia kwenye siti mnapopita juu ya tuta.

Mshiko wa pili ni wa mikono yote miwili nyuma, kila mmoja ukishika upande wake wa keria. Huu unamfaa abiria asiyependa kumgusa dereva. Anayeutumia abane siti kwa mapaja, akanyage vikanyagio kwa nyayo zote mbili, na asikunjue mikono hadi ikanyooka kabisa. Viwiko vilivyokunjwa kidogo hupokea mtikisiko vizuri zaidi kuliko mikono iliyokazwa.

Mshiko wa tatu ni wa mikono yote miwili kwenye kiuno cha dereva. Unafaa pale ambapo pikipiki haina kishikio cha nyuma. Hata hivyo, abiria akumbuke kwamba breki zikifungwa, yeye na dereva watakwenda mbele pamoja. Kwa hiyo akae wima, asimwegemee dereva, na abane siti kwa mapaja katika mteremko wote.

Katika mishiko yote hii, shika kwa kiganja kizima, vidole vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Usishike kwa ncha za vidole. Usipenyeze vidole katikati ya springi za shokomzoba wala chini ya kamba iliyofunga mzigo. Usiteremshe mkono karibu na bomba la moshi, kwa maana huwa la moto hata muda mfupi baada ya injini kuzimwa.

Mahali pasipofaa

Mabegani mwa dereva. Abiria wengi hushika mabega kwa kuwa yako karibu na macho. Lakini mabega ndiyo yanayoongoza mikono, na mikono ndiyo inayoongoza usukani. Ukiyavuta mabega ya dereva penye shimo, umeuvuta usukani wake. Shingo na mikono ya dereva isishikwe kabisa.

Kwenye simu. Simu huchukua mkono mmoja, macho mawili na akili yote. Ikiita, iache iite. Kama ni lazima kuipokea, mwombe dereva asimame kando ya barabara.

Mifukoni. Mkono ulio mfukoni unahitaji muda kutoka, na tumekwisha kuona kwamba katika sekunde moja pikipiki hupita mita 11. Dawa ya baridi ya Iringa na Mbeya ni glavu. Hata glavu za kawaida za sufi ni bora kuliko mfuko. Zenye ngozi kwenye kiganja ni bora zaidi, kwa kuwa haziteleza kwenye bomba na huikinga ngozi endapo mtu ataanguka.

Kwenye mwavuli. Mwavuli uliofunguliwa hushika upepo kama tanga la chombo. Humvuta abiria, naye huivuta pikipiki. Mvua ikinyesha, vaa koti la mvua au subiri ipungue.

Kwenye kofia ngumu. Wapo abiria wanaoshikilia kofia kwa mkono ili isipeperuke, kwa sababu kamba ya kidevuni haikufungwa au imekatika. Kofia ya namna hiyo imekunyima mkono mmoja, na ukianguka itatoka kichwani kabla hujafika chini. Funga kamba. Kama imekatika, omba kofia nyingine au panda pikipiki nyingine.

Kuonyesha njia. Usinyooshe mkono mbele ya uso wa dereva kumwelekeza nyumba au kona. Mwambie mapema kwa sauti: "Baada ya duka lile, tunakata kushoto."

Kwenye pochi. Abiria anayekaribia kufika huanza kutafuta nauli wakati pikipiki bado inakwenda. Patana nauli kabla ya kupanda, weka fedha mahali panapofikika, na ulipe pikipiki ikiwa imesimama. Malipo kwa simu nayo yasubiri hadi ushuke.

Mzigo, vazi na mtoto

Mara nyingi abiria anajua kwamba inampasa ashike, ila mikono yake imeshika kitu kingine. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu wa somo hili, kwa sababu unagusa mfuko.

Begi dogo livaliwe mgongoni au lipitishwe kifuani kwa mkanda wake. Ndoo ya viazi, mkungu wa ndizi au kuku wa kupelekwa kwa wageni haviwezi kupakatwa. Dereva akivifunga kwenye keria, hakikisha kwamba bado pamebaki sehemu ya bomba unayoweza kuishika, au ushike kiuno cha dereva kwa mikono miwili. Mzigo ukiwa mkubwa kiasi cha kukusogeza hadi ukingoni mwa siti, huo si mzigo wa kupanda nao. Panda bajaji, au mzigo uende peke yake.

Vazi nalo huchukua mkono. Abiria aliyevaa kanga, kitenge, shuka au dera hulishika vazi lisipeperuke, na wakati huohuo ncha yake inaweza kuingia kwenye gurudumu au kwenye mnyororo. Likunje na kulifunga kabla ya kupanda. Kukaa upande mmoja, miguu yote ikining'inia kushoto, humnyima abiria uwezo wa kubana siti na kukanyaga vikanyagio vyote viwili, na huuachia mkono mmoja kazi yote. Tunashauri kukaa kwa kutanua miguu, na suruali ya kuvaa ndani ya gauni au kitenge humwezesha mama kufanya hivyo kwa staha.

Mzazi mwenye mtoto mchanga hana mkono wa ziada, na mtoto huyo hana kofia inayomtosha. Ushauri wetu kwake ni daladala au bajaji.

Kuhusu haya

Tunafahamu kwamba wapo abiria, hasa kina mama na mabinti, wanaoona haya kumshika kiuno dereva wasiyemjua. Wapo pia wanaume wanaoona kwamba kushika ni dalili ya woga. Matokeo yake ni mamoja: mtu anaweka mikono juu ya mapaja yake na kumwachia Mungu safari.

Haya ni jambo la kuheshimiwa, lakini lina jibu lake, nalo ni keria. Abiria ana haki ya kuchagua pikipiki yenye kishikio cha nyuma na kuomba kiachwe wazi. Mama mtu mzima anaweza kusema, "Mwanangu, ondoa hiyo mipira ya kufungia mzigo, nataka kushika hapa." Kijana anaweza kusema, "Kaka, subiri kwanza nishike vizuri." Dereva mstaarabu naye huanza yeye: "Mama, umeshika? Tunaondoka." Maneno hayo huchukua sekunde chache na hayamvunjii mtu heshima.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mama aliyemaliza manunuzi katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya mwezi wa Machi. Ana ndoo ya viazi, mwavuli na simu inayoita. Manyunyu yameanza na nyumbani ni Iwambi. Dereva wa kwanza anamwambia apakate ndoo, "si mbali, mama." Bajaji iliyo jirani inataka nauli kubwa zaidi.

Akikubali kupakata ndoo, mkono mmoja utaishika na wa pili utashika mwavuli. Hatakuwa na mkono wa kuzikabili nguvu tatu tulizozieleza, na njia ina lami iliyolowa, matuta na malori. Tofauti ya nauli ameikwepa, lakini ameiweka mifupa yake rehani.

Anazo njia tatu zilizo salama zaidi. Anaweza kulipa nauli ya bajaji. Anaweza kuomba ndoo ifungwe kwenye keria, mwavuli ukunjwe na kufungwa pamoja nayo, simu izimwe sauti, kisha ashike kiuno cha dereva kwa mikono miwili. Au anaweza kusubiri manyunyu yakatike na kupanda daladala. Hatumchagulii. Tunachomwomba ni afanye hesabu hiyo akiwa amesimama chini, kwa sababu akishapanda hataweza kuifanya tena.

Endapo mtu ataanguka

Mtu anapoanguka, silika humfanya atangulize kiganja kujikinga. Uzito wote wa mwili hupokelewa na kifundo cha mkono, na ndiyo maana mifupa ya hapo huvunjika mara nyingi katika maanguko. Katika nchi ambako watu huendesha chombo cha umeme chenye gurudumu moja, kisicho na usukani, mwendeshaji huiacha mikono huru pembeni ili imsaidie kuweka mizani, na hushauriwa kuvaa vikinga vya vifundo vya mikono kwa sababu hiyohiyo. Hali ya abiria wa bodaboda ni tofauti. Yeye haongozi chombo wala haoni kinachokuja. Mikono yake haina kazi ya kuweka mizani. Kazi yake ni moja, kumfunga yeye na pikipiki viwe kitu kimoja.

Haki na wajibu wako

Tangu mwaka 2010 pikipiki na bajaji za kubeba abiria zimekuwa na kanuni zake za leseni, na tangu kutungwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 huduma hizo zimo chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kwa muhtasari, mtumiaji akumbuke mambo yafuatayo:

1. Dereva na abiria wote wawili wanapaswa kuvaa kofia ngumu. Kofia ya abiria si hisani ya dereva.
2. Pikipiki hubeba abiria mmoja. Katika mshikaki, abiria wa katikati hana cha kushika ila dereva, na wa nyuma ameketi juu ya kishikio ambacho angekishika.
3. Una haki ya kukataa pikipiki iliyolegea keria, isiyo na vikanyagio vya abiria au iliyojaa mzigo.
4. Una haki ya kumtaka dereva apunguze mwendo, na ya kushuka endapo atakataa.
5. Una wajibu wa kutomsumbua dereva, kutomshika mabega na kutofanya jambo lolote litakaloyumbisha pikipiki.

Mwenye malalamiko kuhusu huduma aandike namba ya pikipiki, mahali, tarehe na saa, kisha ayawasilishe katika ofisi ya Mamlaka iliyo mkoani kwake au kwa askari wa usalama barabarani.

Maswali ya kujipima

1. Unashuka kutoka mjini Iringa kwenda Ipogolo. Ni mkono upi unaokuzuia usimlalie dereva breki zinapofungwa?
2. Dereva anakupa kofia ambayo kamba yake imekatika. Kwa nini kuishikilia kwa mkono si suluhisho?
3. Ni asubuhi ya Julai, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Ufanye nini kabla ya kupanda?
4. Keria imejaa mzigo wako. Utashika wapi, na ni wakati gani utaamua kutopanda?

Majibu: (1) Mkono ulioshika kishikio cha nyuma au keria. (2) Inakunyima mkono wa kushika, na ukianguka itatoka kichwani. (3) Vaa glavu, au upashe mikono joto kwanza. Usiiweke mifukoni safarini. (4) Kiuno cha dereva kwa mikono miwili. Usipande endapo mzigo umekusogeza hadi ukingoni mwa siti.

Hitimisho

Usipande na chochote mkononi, na usimruhusu dereva aondoke kabla hujashika. Ukiketi juu ya siti, jiulize swali moja: mikono yangu imeshika nini? Kama jibu ni simu, mwavuli, ndoo au mfuko wa koti, mwambie dereva asubiri. Atasubiri.